Unahamia Melbourne? Chagua njia kwanza, nyumba baadaye

Kila baada ya wiki mbili tatu napata simu au meseji ya mtu anayetaka kuhamia Melbourne hapa Australia, wengi wako Perth kama tulivyokuwa sisi, wengine Adelaide, na swali la kwanza huwa ni lile lile, dada, nyumba huko zinaendaje? Na mimi namuuliza, kazi yako itakuwa upande gani wa mji? Wengine wananyamaza kidogo wanaona kama nimewakwepa, lakini kwa kweli ndo jibu lenyewe hilo.

Sisi tulitoka Tanga tukafikia Perth, tukakaa mtaa wa Cannington miaka minne. Januari 2023 mume wangu akapata kazi kwenye bohari moja huku Melbourne, eneo la Dandenong South, mshahara umezidi ule wa zamani, basi tukafunga mizigo. Nyumba tulitafuta kwenye simu tukiwa bado Perth, na kwenye simu ukiandika vyumba vinne bei ya chini, ramani inakupeleka magharibi ya mji, Tarneit, Wyndham Vale, Melton, nyumba mpya zinang'aa, jiko la kisasa, gereji ya magari mawili. Tukapata ya Tarneit kwa dola 430 kwa wiki, nikatuma picha mpaka Tanga, mama akaita majirani waje kuona.

Sasa angalia ramani. Tarneit iko magharibi, Dandenong South iko kusini mashariki, mji wote wa Melbourne uko katikati yao. Ni zaidi ya kilomita 60 kwenda tu, unapita daraja la West Gate, unaingia handaki la barabara ya CityLink ambalo unalipia, halafu unaikamata barabara kuu ya Monash. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na robo alfajiri yuko barabarani. Kwenda hakuna shida, barabara nyeupe. Kazi iko kwenye kurudi. Anatoka saa nane mchana anafika saa kumi, siku ya ajali pale darajani saa kumi na moja na zaidi. Mtoto wetu mdogo alikuwa anamsubiri na mpira mlangoni, na baba akifika anazima injini halafu anabaki ndani ya gari dakika tano, dakika kumi, mikono bado iko kwenye usukani, anaangalia mlango wa gereji. Mimi nilikuwa namwona kwa dirisha la jikoni na nilikuwa namzuia mtoto, subiri kwanza, baba anakuja. Mwaka mzima wa mkataba ulikwenda hivyo. Na tulichookoa kwenye kodi kiliishia kwenye mafuta na malipo ya barabara, nilikaa nikapiga hesabu na kalamu, hakikubaki kitu.

Kwa hiyo naomba ufanye hivi kabla hujaangalia hata nyumba moja. Fungua ramani, weka alama pale pa kazi, weka alama pa kazi ya mwenzio kama anayo, weka shule, weka msikiti au kanisa lako, weka soko utakalonunua chakula. Halafu tafuta njia ya treni inayogusa sehemu nyingi kati ya hizo, na nyumba utafute kwenye stesheni za njia hiyo. Usafiri wako upime kwa siku ya kazi na kwa saa ile ile ya zamu yako, Google Maps inakuruhusu kuchagua saa ya kuondoka, usipime Jumapili mchana ukafurahi. Tulipojifunza hilo tukahamia Noble Park, nyumba ndogo kuliko ya kwanza na ya zamani, lakini stesheni mbili unafika Springvale, stesheni mbili upande wa pili unafika Dandenong, na mume wangu anafika nyumbani bado ana nguvu ya kucheza.

Tarneit yenyewe haina ubaya wowote, naomba nieleweke. Kama kazi yako iko Truganina, Laverton au Altona, na kule kuna mabohari mengi sana, basi kaa huko huko magharibi, utapata nyumba kubwa na majirani wengi Waafrika na Wahindi, watoto wako hawatakuwa peke yao darasani. Shida ni kulala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine. Perth hilo halikutuuma sana kwa sababu mji una nafasi, tukaja huku na akili ya Perth.

Pesa sasa. Kodi hapa inatajwa kwa wiki lakini nyingi zinalipwa kwa mwezi, na watu wanazidisha mara nne. Usizidishe mara nne! Mwezi hauna wiki nne kamili. Unachukua kodi ya wiki unagawa kwa 7, unazidisha kwa 365, unagawa kwa 12. Ile 430 yetu mimi kichwani niliiona 1,720, dalali akaandika 1,868, nikadhani ametuibia, kumbe hesabu yake ndo sahihi. Juu yake unaweka dhamana ya mwezi mmoja, na wakati huo dhamana yenu ya mji mnaotoka bado haijarudi, kwa hiyo kuna wiki kadhaa mna dhamana mbili nje na mfukoni hamna kitu. Sisi kwa nyumba ile tulitoa karibu 3,740 kabla hatujanunua hata friji. Afadhali kidogo kuliko Dar ambako mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mkononi, lakini jiandae. Na dhamana huku Victoria, yaani jimbo lenye Melbourne, haikai kwa mwenye nyumba wala kwa dalali, inakaa kwa mamlaka ya serikali inayoitwa RTBA, wanakutumia uthibitisho, kama hujaupata uliza.

Hapo hapo kwenye dhamana niseme lililotukuta tulipotoka Perth. Dalali alitukata dola 280, anasema zulia la chumba cha watoto lina doa na tanuri la jiko halikusafishwa ndani. Doa tulilikuta. Lakini siku tunaingia nilipiga picha kuta na sakafu ya sebule basi, sikufungua tanuri, sikuinua godoro, sina cha kuonyesha, tukalipa. Ukiingia nyumba ya Victoria unapewa ripoti ya hali ya nyumba na una siku tano za kazi kuijaza na kuirudisha, usiijaze umesimama. Chukua nusu siku. Fungua kila droo, washa kila plagi, mwaga maji kila bomba uone chini ya sinki kama panavuja, piga picha ndani ya tanuri, nyuma ya mlango, pembe za madirisha ambako ukungu unaanzia, halafu zote zitume kwenye imeili ya dalali ili tarehe ibaki. Tulipotoka Tarneit nilikuwa na picha 214, dhamana ilirudi yote.

Kama mko mbali hamuwezi kuja kuona nyumba, muombeni mtu aende na simu awapigie video. Msimwambie aonyeshe sebule, kwenye matangazo sebule zote ni nzuri. Mwambieni awashe hita. Nasema hita kwa sababu baridi ya huku siyo ya Perth, Juni mpaka Agosti mchana mara nyingi ni nyuzi 13, 14, upepo unatoka kusini unakata mpaka mfupa, na nguo ulizoanika Jumatatu unazikuta mbichi Jumatano. Sheria ya Victoria inamtaka mwenye nyumba aweke hita ya kudumu sebuleni, ni haki yako, kama haipo au haifanyi kazi dai kwa maandishi usione aibu. Vyumbani sisi tunatumia blanketi za umeme, na makoti ya watoto tunanunua kwenye maduka ya mitumba ya hisani, Vinnies na Salvos, koti zito la maana kwa bei ya soda mbili tatu. Nunua Machi au Aprili, ikifika Juni saizi za watoto zimekwisha.

Karatasi za jimbo ndo zilinichelewesha mimi. Nafanya kazi ya kulea watoto wa chekechea, nilikuwa na kadi yangu ya ruhusa ya kufanya kazi na watoto ya Western Australia, jimbo la Perth, nikajua Australia ni nchi moja nitaingia nayo kazini. Haiko hivyo, kila jimbo lina kadi yake, nikaomba ya Victoria nikakaa nyumbani wiki kadhaa bila zamu hata moja. Iombe mapema unapoweza. Leseni ya udereva nayo na usajili wa gari vina muda wake wa kubadilisha, na gari kabla ya kusajiliwa Victoria linatakiwa cheti cha kuonyesha ni zima, sasa kama tairi zimekwisha badilisha kabla. Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, namba ya kodi ya mapato na mfuko wa pensheni hivyo ni vya nchi nzima, badilisha anuani tu. Umeme Perth tulizoea kampuni moja ya Synergy, huku kampuni ni nyingi na bei tofauti, serikali ya jimbo ina tovuti ya kulinganisha inaitwa Victorian Energy Compare, itumie, usimfuate kijana anayegonga mlango.

Na mwenye mtoto mdogo asikilize hili. Western Australia mtoto anaanza mwaka wa kwanza kabisa wa shule kama anatimiza miaka mitano kabla au ifikapo Juni 30 ya mwaka huo, Victoria mwisho ni Aprili 30. Wetu ni wa Mei, kwa hiyo darasani kwake alikuwa mdogo kuliko wote. Tulikwenda kuzungumza na mwalimu mkuu mapema, akabaki na darasa lake na wakamwangalia kwa karibu. Usisubiri wiki ya kufungua shule ndo uulize.

Gari letu mume wangu na shemeji yangu walilileta kwa barabara kupita uwanda mkavu wa Nullarbor, siku nne, na kwenye mji wa Ceduna kuna kizuizi cha ukaguzi, walitoa machungwa yote na ndizi wakayaacha pale, matunda hayaruhusiwi kupita. Ukiwa mjini katikati jihadhari na kona za kulia, kwenye makutano mengi yenye tramu kuna kibao kinakwambia ukae kushoto kabisa, usogee mpaka mbele ya makutano, usubiri taa za barabara unayotaka kuingia ziwake kijani ndipo ukate kulia. Mara ya kwanza nenda umekaa abiria uone wenzio wanavyofanya.

Upweke sikuutegemea. Perth tulikuwa na watu, harusi, misiba, Idi, kila wiki kuna pahala. Tarneit miezi mitatu ya kwanza nilikuwa siongei Kiswahili na mtu mzima yeyote zaidi ya mume wangu, na yeye anasinzia. Jumamosi moja niko soko la Dandenong nachagua bamia, naongea na dada yangu kwenye simu, mama mmoja amesimama kwenye nyanya akaniangalia mpaka nikakata simu. "Mama, uko unaongea Kiswahili! Unatokaka wapi?" Ni Mkongo wa Bukavu. Nilimshika mikono palepale sokoni, bamia zikaanguka. Yeye ndo alinionyesha duka la unga mweupe wa sembe, na maduka ya Wavietnamu ya Springvale ambako mihogo, maembe mabichi na nazi vipo mwaka mzima, na yeye ndo alituambia kuna nyumba Noble Park inakaribia kuwa wazi. Mpaka leo tunapigiana simu kama ndugu. Ukifika mji mpya nenda sokoni Jumamosi, usiende na spika masikioni, ongea lugha yako kwa sauti.

Jambo la mwisho ni saa. Perth tulikuwa tumeizidi Tanga saa tano, Melbourne ni saa saba, na kuanzia Oktoba mpaka Aprili mwanzoni wanasogeza saa mbele zinakuwa nane. Mama alizoea nimpigie alasiri akitoka kupumzika, huku alasiri yake watoto wangu wameshalala. Wiki za kwanza tulikuwa tunapishana, anapiga nimelala, napiga yuko shughulini, akaanza kudhani tumegombana na mume wangu namficha. Tukapanga upya. Sasa napiga saa mbili usiku ya huku, kwake ni saa saba mchana, na wakati wa joto saa sita, watoto wamevaa nguo za kulala, yeye anaegemeza simu kwenye jagi la maji na anakula huku anawauliza leo mmekula nini.