Jibu: Vipimo vya wahakiki wa ripoti, afisi ya Chake Chake

Dada, umeuliza uwapimie nini wahakiki wako. Usihesabu ripoti walizopitia tu. Watatia sahihi bila kusoma. Muda ni rahisi: ripoti 9 kati ya 10 zirudi kwa mwandishi ndani ya siku 3 za kazi, zikihesabiwa tangu ripoti kamili ifike, si tangu boti ya Unguja ilete nusu yake.

Usahihi ndio wenye kazi. Kila mwezi okota ripoti 5 zilizokwisha kupitishwa, bila kuchagua, mhakiki mwengine azisome upya. Hesabu yaliyomponyoka wa kwanza: jumla zisizolingana na jedwali, tarehe, viambatisho visivyokuwepo. Kosa kubwa lisiwepo. Madogo yasizidi 2 kwa ripoti. Lipi kubwa, lipi dogo, andikeni mapema, ama mtabishana hadi Mfunguo Mosi.