Haidrojeni ya Enceladus si ushahidi wa uhai

Ndugu, unasema haidrojeni iliyopatikana Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali, inathibitisha kuna uhai huko. Hapana, hakuna kiumbe kilichopatikana. Kilichopatikana ni bahari ya maji ya chumvi chini ya barafu ya mwezi huo wa Zohali, pamoja na hiyo haidrojeni unayoiita ushahidi tosha. Maji ya moto yakikutana na miamba yenye chuma, haidrojeni hutoka yenyewe bila kiumbe chochote. Haidrojeni ni chakula cha vijidudu vingine, kwa hiyo chakula kipo, mlaji bado hajaonekana.

Hata kuipima kulikuwa na mtego. Tarehe 28 Oktoba 2015 chombo cha anga cha Cassini kilipita ndani ya mvuke unaofoka kutoka nyufa za ncha ya kusini, kilomita 49 hivi juu ya uso, kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, punje za barafu zikigonga kuta za metali ya titani ndani ya kipimo cha gesi cha chombo hicho, maji humenyuka na metali na kuzalisha haidrojeni ya uongo. Ndiyo maana safari hiyo walitumia mlango wa wazi, gesi ipite bila kugusa kuta. Jibu lilitangazwa 2017: asilimia 0.4 hadi 1.4 ya mvuke ni haidrojeni.

Gesi ya metani nayo ipo, lakini vijidudu huitoa na miamba pia huitoa. Kipimo hicho cha gesi kiliishia molekuli za uzito wa 99 katika vizio vya uzito wa atomi, na asidi amino nyingi, yaani matofali ya protini za viumbe, zinazidi hapo, hivyo hakikuweza kuziona.