Kabla hujauza hisa za saiti yako ya matangazo, jua wananunua nini

Bosi, swali lako nimelielewa hivi: uko na saiti ya matangazo madogo ya watu wa Donholm na Umoja hapa Nairobi, keja, viti, friji za mitumba, kazi za mkono, inatembea vizuri lakini sava, ile kompyuta ya kukodi inayobeba saiti, inakula mfuko wako, sasa kampuni ya mikopo ya simu imekuja na "ushirikiano", walipe gharama zote na wewe uwape asilimia thelathini ya hisa. Wengi wamekuambia chukua doo ulale. Mimi nasema ngoja kidogo, saiti kama yako naiendesha upande wa Kayole na Komarock miaka kadhaa sasa na hizo simu za kuitiwa ushirikiano nazijua.

Anza na kitu wanachotaka. Kuna wakati niliitwa ofisi fulani ya mikopo huko Westlands, chai na zile samosa ndogo za kumeza mara moja, na swali la kwanza halikuwa watu wangapi wamepata nyumba kwako ama matapeli unawashika vipi, lilikuwa ni namba za simu ngapi ziko kwa mfumo. La pili, je, hizo namba umezihakikisha? Manze hapo nikajua biashara yenyewe ni gani. Fikiria mtu anaposti subufa na meza ya TV tarehe ishirini, bei ya kutupa, "nauza leo leo". Huyo hana pesa. Mkopeshaji anamtafuta huyo huyo, na wewe ndio unajua jina lake, mtaa wake na namba yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hivyo hata wakikuambia hawataguza saiti, rangi ni zako, jina ni lako, jua hawakuja kwa ajili ya rangi.

Na sheria iko. Ile ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ruhusa ya mwenyewe kabla utumie habari zake kwa biashara, na faini inaweza kufika milioni tano ama asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ukiwapa namba, mwenye aliaminiwa na watu wa mtaa ni wewe, si wao. Dawa ya hapo ni rahisi sana, usihifadhi habari za watu ambazo mtu anaweza kutaka kununua. Kwangu tangazo likikaa mwezi linajifuta na namba inaenda nalo, mwenye anataka kuendelea anaposti upya. Tangu niwe nawaambia hivyo wageni wa Westlands, mazungumzo yanakwisha kabla chai ipoe.

Sasa pesa. Usilipishe mama anayeuza kitanda cha mtoto, huyo ndio sababu watu wanafungua saiti. Lipisha mwenye anapata faida kwa kila tangazo, yaani ajenti wa nyumba na anayetafuta wafanyakazi. Mimi ajenti analipa mia moja kwa kila nyumba kupitia Till, ile namba ya biashara ya M-Pesa, mwajiri mia tatu, landlodi ama keateka anayeposti ploti yake mwenyewe halipi kitu. Ajenti walilia mwanzo, kisha wakanyamaza, kwa sababu hiyo mia ilifanya kazi ambayo sikuitarajia sana: ilifukuza takataka. Kulikuwa na bedsita moja yenye pazia la bluu na tailsi za maua, nadhani kila mtu Nairobi ameiona, asubuhi iko Umoja, saa nne iko Kasarani, jioni iko Rongai, na kila mahali unaambiwa tuma mia tano ya kuonyeshwa nyumba ndio uelekezwe. Mtu akitakiwa kulipa kila akiposti, na namba ya M-Pesa iliyolipa ibaki inajulikana, pazia la bluu linahama lenyewe.

Si ujanja wangu huo. Craigslist, saiti ya matangazo madogo ya Marekani, ile Craig Newmark alianza 1995 kama barua pepe za kuambia marafiki matukio ya San Francisco, imeishi hivyo miaka yote: karibu kila kitu bure, pesa inatoka kwa matangazo ya kazi na vitu vichache vingine, na ajenti wa nyumba wa New York walianza kulipishwa dola kumi 2006, tena wenyewe ndio waliomba kwa sababu ya posti za kurudiarudia. Mwaka huo huo mkurugenzi wao Jim Buckmaster alienda mbele ya wachambuzi wa Wall Street, wale wa soko la hisa, akawaambia hawana haja ya kukamua pesa yote inayoweza kukamuliwa, na wale watu hawakuelewa kabisa.

Lakini hiyo hiyo Craigslist ndio ya kukutisha kwa hisa. Mfanyakazi wao wa zamani alikuwa amepewa hisa, akaamua kuuza, na 2004 eBay, kampuni kubwa ya kuuziana vitu mtandaoni, wakajikuta na zaidi ya robo ya kampuni. 2007 hao wenye robo wakafungua saiti yao ya matangazo huko huko Marekani, ikiitwa Kijiji, washindane na kampuni ambayo wameketi ndani yake. 2008 wakapelekana kotini, na ni 2015 ndio Craigslist walinunua hisa zao wakapumua. Asilimia thelathini si "kidogo tu", bosi. Hiyo ni mtu kukaa mezani kwako akisoma hesabu zako. Ukiwa na kampuni ya watu wachache, mwambie wakili aandike kwenye katiba ya kampuni kwamba mtu akitaka kutoka anauzia wenzake kwanza, na bei inapatikana vipi, msije mkagombana siku ya njaa.

Kuhusu wadhamini sikukatazi. Mama wa gesi, hadwea ya mtaa, fundi wa simu, hao wananilipa mwezi kwa mwezi kwa kibango kimoja, picha tu na namba, hakuna kitu cha kumfuata msomaji nyuma. Ninaangalia moja tu: asiwe mtu mmoja analipa zaidi ya robo ya gharama. Mtu akibeba nusu ya sava hahitaji hisa, siku akikupigia utoe tangazo la mshindani wake utatoa tu.

Sava yenyewe punguza, picha zibane ziwe ndogo, watu wengi wanafungua na bando za ishirini na hawataki ukurasa wa kupakia dakika nzima. Ile kazi kubwa ni kusafisha matangazo kila asubuhi, na hiyo tafuta wawili watatu wa mtaa mgawane, mimi niko na dada mmoja wa Komarock anajua kila ploti, akiambiwa kuna bedsita ya elfu nne yenye maji kila siku anacheka tu na kuifuta.

Halafu angalia domeini, yaani anwani ya saiti, imeandikishwa kwa jina la nani. Nauliza kwa sababu umesema ni kijana fulani alikutengenezea saiti, na hao wa mikopo wakishajua domeini iko kwa jina lake watampigia yeye.