Jibu: Siku 88 na kazi ya baa huko bara Australia

Ndugu, umeuliza kama kazi ya baa ya kijijini inahesabika kwenye zile siku 88 za kazi maalumu unazotakiwa kufanya Australia ili upate viza ya mwaka wa pili. Kwa pasipoti yako ya Kanada, viza 417 (ile ya likizo na kazi), inahesabika tangu Juni 2021, ila baa iwe kaskazini mwa nchi au maeneo ya mbali yanayotambuliwa. Angalia postikodi (namba ya posta) ya eneo la baa kabla hujapanda basi! Cheti cha kuuzia pombe, RSA, chukua kinachokubalika jimbo unalokwenda. Tunza hati za mshahara.

Mimi nilikaa jimbo la Queensland, chumba juu ya baa, mende wa bure. Na vipimo vya bia, weee! Schooner, yaani glasi ya bia, ya Queensland ni mililita 425. Jimbo la Australia Kusini, schooner ni 285. Wazee wa kaunta hawasamehe glasi pungufu.