Mgeni wangu simpeleki milangoni

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ukipewa asubuhi moja na mgeni, ungemuonyesha kazi gani ya sanaa iliyo nje, ambayo haina kiingilio?" Sijafika mwisho wa swali nilishayajua majibu. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Tutaandika milango sote, nanyi mtachapisha na picha ya mlango.

Mie ni mchoraji, nakaa Kikwajuni hapa Unguja, na kila ninapokwenda nakwenda kwa baskeli. Niruhusuni basi nianze na swali ambalo hamkuliuliza: huyo mgeni atazunguka kwa kitu gani? Ukimtembeza kwa miguu, jua litamchosha Hurumzi na atamalizia Forodhani kwenye juisi ya miwa. Darajani hatavuka. Ukimtia garini, vichochoro vyenyewe havipitiki. Baskeli inaingia Kiponda, unapiga kengele kila pembe usije ukamgonga mtu na bakuli lake la uji, na punde si punde uko Michenzani.

Tangu Mji Mkongwe uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, milango imepigwa picha mpaka imekwisha. Na kila mlango una hadithi yake ya kusimuliwa wageni. Utasikia kwamba miiba ya shaba ni ya kuzuia ndovu. Ndovu gani Unguja? Mtindo umetoka Bara Hindi, ukapendeza, ukabaki. Utasikia mnyororo uliochongwa pembeni maana yake ni utumwa, mwengine atakwambia ni ulinzi wa nyumba, na mgeni anaandika yote mawili kwenye daftari lake. Samaki ni riziki, mtende ni neema, haya. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba mchongaji alikuwa na patasi butu siku ile, au kwamba ua la kushoto limezidi la kulia.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua: nampeleka Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, nje ya Mji Mkongwe. Aone majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, na kila familia ilivyoipamba baraza yake ya ghorofani kwa rangi na kwa nguo zilizoanikwa. Aone ukuta wa kinyozi uliochorwa vichwa vya vijana kwa mkono, kabla haujafunikwa na bango la plastiki. Sanamu za watumwa pale Mkunazini, wale watu wa saruji waliotiwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, ningempeleka kwa moyo wote, lakini pale pana tiketi na nyinyi mmesema bila kiingilio.

Lakini kuna mlango mmoja.

Uko kwenye kichochoro upande wa Malindi, sisemi kipi. Ni mlango wa Kiarabu, kizingiti chake cha juu kimenyooka, hauna lile tao la Kihindi. Nilikuwa napita na baskeli, nikasimama kwa sababu jicho lilikwaruzika. Miimo yote miwili, ile miti ya pembeni, imechongwa, kizingiti kimechongwa, lakini katikati, pale pa mfaa, ule mti wa kusimama mbao mbili za mlango zinapokutana, pana ubao mtupu wa msonobari, mweupe kama jino bandia. Nimesimama naangalia, dirisha la juu likafunguka.

"Unatizama nini, mwanangu? Hauuzwi huo!"

Nikamwamkia. Nikamwambia sinunui, mie mchoraji, natizama mfaa. Akashuka. Bi mkubwa, buibui juu ya mabega, mkononi ana kitambaa, maana alikuwa anataka kuupangusa mlango, kazi yake ya kila alasiri. Akanieleza kwamba mchwa waliingia kwa ndani, nje hukuona kitu, ukigonga ndiyo unasikia unga. Mwanawe akatia ubao ili mlango ufunge. Mchongaji walimuuliza bei, na bei ile, kasema, "ni ya kujengea nyumba nyengine." Akanitazama, akaitazama baskeli na kopo za rangi nilizozifunga nyuma. "Wewe si mchoraji? Basi chora."

Nikachora. Kwanza nilipima upana wa ubao kwa uzi. Nikakata karatasi ya upana ule, nikaigandamiza kwenye mwimo wa kulia na kuisugua kwa mkaa mpaka maua yakajitokeza, kisha nikaitoboa kwa sindano kufuata mistari. Karatasi ikawekwa juu ya ubao, nikaipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa, na vitone vikaonyesha ua, jani, ua, jani, mpaka chini. Hapo ni rahisi. Kazi ni kivuli. Nakshi ya kuchonga inaonekana kwa kivuli chake, na kichochoro kile hakipati jua ila saa sita, linashuka moja kwa moja. Kwa hivyo kila jani ilibidi nilitie giza upande wa chini, na ukingo wa juu mwanga kidogo, hudhurungi iliyochanganywa na njano. Rangi ya mafuta inang'ara, mbao ya zamani haing'ari, nikaizimua kwa tapentaini mpaka ikatulia.

Watu hawakukosa. Mzee mmoja, seremala, alisimama na mkoba wake wa vyombo akasema kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, "Hii si nakshi. Hii ni picha ya nakshi."

Bi mkubwa hakugeuka hata kugeuka. "Na wewe mbona hukuja na patasi?"

Yule mzee alicheka, na hakuondoka. Alikaa barazani akanionyesha pale ambapo mchongaji wa zamani alikosea hesabu, ua moja kulibana ili lingine lipate nafasi, na akanitaka na mie nikosee pale pale. Nikakosea.

Sasa nimeandika yote haya na sijasema neno la maana kuhusu Michenzani, na naona mwenyewe kilichotokea. Nilitaka kusema milango imekufa kwa kutazamwa. Ule haujafa. Unapanguswa, unagombaniwa, umeliwa na mchwa na umetiwa kiraka. Ndio nitakaomuonyesha mgeni. Ila aanze Ng'ambo, tafadhali, aone kuta zilizochorwa na watu ambao majina yao hayaandikwi popote, kisha ndiyo avuke Darajani, maana akianza na Mji Mkongwe atadhani rangi yangu ni udanganyifu.

Na kwa watu wa hifadhi, ambao najua wanalisoma jarida hili: sikuondoa mti wa zamani hata mmoja, wala sidai huo ni ukarabati. Siku atakapopatikana mchongaji na mbao ya msaji kwa bei ya binadamu, ubao wangu ung'olewe ukapikiwe wali.

Jambo la mwisho. Bi mkubwa ameshagundua kwamba wageni wanausogelea mlango kuliko zamani, wanagusa kuona ni mti au ni rangi. Ameweka meza ndogo pale barazani, na hakuna anayepiga picha ila anunue kashata. Kama hicho ni kiingilio, mhariri, nalitoa jibu langu mashindanoni.