Maswali ya Wasomaji: Bei Ikishushwa kwa Amri, Nani Analipa?

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda. Redioni nasikia bei ya mafuta imeporomoka duniani, lakini Jumatano ya kwanza ya mwezi ikifika, petroli kituoni inapungua kidogo tu, na mwezi mwingine inapanda. Nauli ya daladala nayo ikishapanda hairudi chini. Je, kuna mtu anatuibia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, bei unayoisikia redioni na bei unayolipa kituoni ni za bidhaa mbili, tena za nyakati mbili. Redio hutaja mafuta ghafi, ilhali Tanzania huagiza petroli, dizeli na mafuta ya taa ambayo yamekwisha kusafishwa. Mafuta hayo huagizwa kwa pamoja kwa njia ya zabuni na kuingia kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Tangu shehena ipangiwe bei hadi wewe ujaze tangi la pikipiki yako, wiki kadhaa huwa zimepita. Kwa hiyo bei kikomo, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa kituoni, inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hueleza soko lilivyokuwa, wala si lilivyo leo asubuhi.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya mafuta hutozwa kwa kiasi maalumu cha shilingi kwa kila lita, si kwa asilimia ya bei. Tuchukue mfano wa kukadiria: lita moja imefika bandarini kwa Sh 1,600, na kodi, tozo, usafirishaji pamoja na faida ya wauzaji ni Sh 1,400, hivyo wewe unalipa Sh 3,000. Bei ya dunia ikishuka kwa robo nzima, zile Sh 1,600 zitakuwa Sh 1,200, lakini zile Sh 1,400 hazitaguswa. Utalipa Sh 2,600, yaani punguzo la asilimia 13 tu, wakati redio imekutangazia asilimia 25. Hapo hakuna aliyekuibia. Utaratibu huohuo hukukinga bei inapopanda, kwa sababu tozo hazipandi pamoja nayo, ingawa sijawahi kupokea barua ya kuushukuru.

Kisha kuna dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takribani Sh 2,330, na katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imevuka Sh 2,600. Lita inayogharimu senti 70 za dola ilihitaji takribani Sh 1,630 katika kipindi cha kwanza na zaidi ya Sh 1,800 katika cha pili, hata kama muuzaji wa Ghuba hakuongeza chochote. Msomaji wa Kigoma au Bukoba aongeze juu yake gharama ya lori kutoka bandarini.

Serikali inaweza kuingilia kati, na iliwahi kufanya hivyo: kuanzia Juni 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei, ilitoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi. Bei kituoni ilipoa, lakini gharama haikuyeyuka. Ilihamia Hazina, ambako nayo hulipwa na mlipakodi, akiwemo bibi wa kijijini asiyemiliki chombo chochote cha moto. Kwa maoni yangu, ruzuku ile ilikuwa na sababu kwa kuwa mshtuko ulikuwa mkubwa na wa ghafla. Kuifanya ya kudumu kungekuwa kumsaidia zaidi mwenye gari kubwa, maana anayechoma lita nyingi ndiye anayepokea ruzuku nyingi.

Kuhusu nauli, malalamiko yako yana msingi. Kwa safari isiyozidi kilomita 10, nauli ya daladala ilipanda kutoka Sh 400 hadi Sh 500 mwezi Mei 2022, kisha ikawa Sh 600 mwezi Desemba 2023. Tofauti na mafuta, ambayo bei yake hukokotolewa upya kila mwezi na inaweza kwenda upande wowote, nauli hubadilishwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, baada ya maombi na mikutano ya wadau. Mafuta yakipanda, wamiliki huomba. Yakishuka, hakuna mmiliki anayejisumbua kuomba apunguziwe. Watanieleza kwamba matairi, vipuri na posho ya konda havishuki, na ni kweli, lakini hesabu hiyo inapaswa kuletwa mezani na kukaguliwa. Lipo baraza la kutetea watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, na abiria wana haki ya kulitaka lidai mapitio pale mafuta yanapokaa chini kwa miezi mingi mfululizo.

SWALI: Nalima mahindi Trans Nzoia, nchini Kenya. Kila unga unapopanda, serikali hukimbilia kuushusha kwa ajili ya watu wa mjini. Mbona bei ya mbolea inapopanda hatusikii kelele kama hizo? Ruzuku ya unga humsaidia nani?
Mkulima, Kitale

JIBU: Humsaidia mnunuzi aliyefanikiwa kuukuta unga dukani, na kwa muda mfupi. Mwezi Mei 2017, baada ya ukame kufikisha pakiti ya kilo mbili zaidi ya Sh 150 za Kenya, serikali iliagiza mahindi kutoka nje, yakiwemo ya Mexico, ikawauzia wasagaji gunia la kilo 90 kwa Sh 2,300 ili pakiti iuzwe Sh 90. Mwaka huohuo bohari za Halmashauri ya Nafaka zilifikia kumlipa mkulima Sh 3,200 kwa gunia. Bei mbili rasmi za mahindi yaleyale zikipishana kwa Sh 900, anayefaidi ni mwenye lori na marafiki wazuri. Kilichofuata unakijua kuliko mimi: mwaka 2018 Seneti iliunda kamati ya kuchunguza malalamiko kwamba wafanyabiashara waliuza mahindi na kulipwa mapema, huku wakulima halisi wakilala kwenye foleni nje ya bohari.

Julai 2022 jambo hilo lilirudiwa. Pakiti iliyokuwa imevuka Sh 200 iliamriwa kuuzwa Sh 100 kwa majuma manne, na uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Wanunuzi wengi walikuta rafu tupu, au tangazo la pakiti moja kwa kila mteja. Msagaji asiye na hakika ya lini serikali itamlipa fidia yake hana sababu ya kusaga kwa bidii, na mwenye duka anayejua kwamba bei itarudi juu baada ya wiki chache hana haraka ya kupanga mzigo wote.

Serikali iliyoingia Septemba 2022 iliiacha ruzuku ya unga na kuipeleka kwenye mbolea, mfuko wa kilo 50 ukashushwa kutoka Sh 6,500 hadi Sh 3,500. Naiona njia hii kuwa bora, kwa sababu huongeza mahindi yenyewe badala ya kugawana yaliyopo. Hata hivyo, ina kasoro ambayo wanasiasa huiogopa: matunda yake huonekana baada ya msimu mzima, ilhali mfanyakazi wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, hununua unga kila jioni. Hilo pia ndilo jibu la swali lako kuhusu kelele. Walaji wa mjini wako pamoja, karibu na kamera na karibu na Bunge. Wakulima mmetawanyika, na kila mmoja huumia peke yake shambani kwake.

SWALI: Benki hapa kwetu zinatoza riba kubwa mno. Kenya waliwahi kuweka kikomo cha riba kwa sheria. Kwa nini Tanzania isiige?
Mfanyabiashara mdogo, Arusha

JIBU: Kwa sababu Kenya yenyewe iliiacha. Sheria ile ilianza kutumika Septemba 2016, ikazuia riba ya mkopo kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne; kiwango hicho kilipokuwa asilimia 10, benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya 14. Benki zilijibu kwa kufunga mlango kwa wateja wa aina yako, wasio na hati ya nyumba wala hesabu zilizokaguliwa, na fedha zikaelekezwa kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali yenyewe, ambazo hazina hofu ya kutolipwa. Wengi waliokataliwa waliishia kwenye mikopo ya simu, ambako ada ya mwezi mmoja peke yake inaweza kuwa asilimia 7 au zaidi. Kikomo kikafutwa Novemba 2019.

Kinachoweza kukushushia riba wewe ni kumbukumbu zako za malipo kufika kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ili benki ikupime kwa ulivyolipa badala ya kukuhesabu pamoja na wote wasiolipa. Ukimaliza mkopo wako wa sasa, omba uthibitisho wa maandishi kwamba umelipa wote, kisha ubebe karatasi hiyo kwenye benki mbili au tatu kabla ya kusaini mkopo mwingine.