Jiwe la karati 1.37 lililoniaibisha: kabla hujaliita taafeiti

Vipimo vyangu vitatu vyote vilisema ndiyo. Mpindo wa mwanga, yaani kiasi ambacho jiwe linaupinda mwanga: 1.72. Uzito mahususi, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule: 3.61. Na ndani ya polariskopu, kifaa chenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, jiwe liling'aa pale ambapo spineli, kito cha kawaida zaidi, ingebaki nyeusi. Kwa mtu aliyekuwa amesoma juzi yake habari za taafeiti, kito adimu kinachofanana sana na spineli, hayo yalinitosha. Nikaandika jina kwenye karatasi, nikalikunjia jiwe humo, nikaenda kwa mwalimu wangu wa vito kichwa kimenivimba.

Alilitazama kidogo, akaniuliza, "Umelizungusha?"

"Nimelizungusha, mwalimu."

"Limezimika mara ngapi?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimehesabu. Nilichoona mimi ni mwanga tu, nikafurahi.

Nayaandika haya kwa sababu kila mara nakutana na mtu aliyeingia shimo lilelile. Wapo wanaoita kila jiwe la zambarau hafifu spineli bila kulipima, na wapo kama mimi wa siku ile, ambao wakiona mwanga kidogo tu wanatangaza kito adimu. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: taafeiti na spineli ni ndugu wa damu, na namba zao karibu zinafanana.

Tuanze na undugu wenyewe, maana ukiuelewa vipimo havitakusumbua. Spineli ni oksidi ya magnesiamu na aluminiamu, MgAl2O4. Taafeiti ni hiyohiyo iliyoongezewa beriliamu: BeMg3Al8O16. Kwa ndani, zote mbili ni tabaka za oksijeni zilizobanana, metali zikiwa zimejibana kwenye nafasi zinazobaki katikati. Tofauti iko kwenye mpango wa tabaka. Spineli inarudia mpango mmoja mwanzo hadi mwisho, na fuwele yake ni ya jamii ya mchemraba, kwa hiyo mwanga unakwenda kwa kasi ileile upande wowote unaopitia. Taafeiti imejengwa kwa vipande vya aina mbili vinavyopokezana. Kimoja ni spineli kabisa, na wataalamu wanakiita S. Kingine, chenye beriliamu, kimefuata mtindo wa madini mengine yanayoitwa nolanaiti, nacho kinaitwa N'. Kila kipande kina unene wa tabaka mbili za oksijeni. Weka N' mbili na S mbili, unapata tabaka 8 na urefu wa angstromu 18.3 hivi (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita) kabla mpango haujaanza upya. Hiyo ndiyo taafeiti, na tangu mwaka 2002 jina lake rasmi ni magnesiotaafeiti-2N'2S. Jina refu la kuchosha, ila ukilisoma umeshasoma ramani ya jengo zima.

Jengo la namna hiyo lina mhimili mmoja wa pekee, ule ambao vipande vinapandana juu yake. Fuwele inakuwa ya pembesita, na mwanga unaotetemeka kufuata mhimili huo haulingani mwendo na ule unaotetemeka kwa kuukata. Mwanga unagawanyika. Lakini nusu ya vipande ni spineli yenyewe, na hata vile vingine vina oksijeni zilizobanana vivyo hivyo, kwa hiyo mgawanyiko ni mdogo sana. Taafeiti inasoma takriban 1.718 na 1.723, spineli nyingi za asili zinasoma 1.718 hivi. Uzito mahususi: 3.60 hadi 3.62 kwa taafeiti, 3.60 kwa spineli. Ugumu 8 hadi 8.5 dhidi ya 8, na tafadhali usije ukakwaruza jiwe la watu kutafuta hiyo nusu.

Kwa hiyo 3.61 yangu ilikuwa na thamani gani? Haikuwa na thamani yoyote, na hesabu hii ndiyo ningependa uikumbuke kuliko zote. Jiwe lilikuwa na karati 1.37 hewani. Majini lilipungua 0.38. Gawanya: 3.605. Nikaandika 3.61 kwa mbwembwe. Lakini mizani yangu inasoma hatua za karati 0.01. Kama ingeonyesha 0.37 badala ya 0.38, jibu lingekuwa 3.70. Jiwe la uzito huo likiwa na uzito mahususi wa 3.64 linapaswa kupungua 0.376 majini, na likiwa na 3.61 linapungua 0.3795. Namba zote mbili, kwa mizani yangu, ni 0.38. Nilikuwa napima nywele kwa fimbo ya kupimia shamba. Jiwe likiwa dogo, uzito mahususi utakwambia tu kwamba jiwe si kwatzi wala zirkoni. Usiutumie kutenganisha ndugu hawa.

Na ile 1.72? Niliisoma kwa taa nyeupe. Taa nyeupe inakupa kivuli chenye ukingo wa rangi za upinde wa mvua, na macho yanachagua mahali yanapopapenda. Tumia taa ya manjano ya sodiamu, nanomita 589, ukingo utakuwa mstari, na desimali ya tatu utaisoma. Halafu weka chujio la polaroidi kwenye jicho la refraktomita, kile kifaa cha kusomea mpindo, ulizungushe huku unatazama. Kivuli kikiruka kutoka namba moja kwenda nyingine, jiwe linagawa mwanga. Kisipotikisika, usikate tamaa papo hapo. Geuza jiwe nyuzi kadhaa ujaribu tena, kwani yapo mielekeo ambayo namba mbili zinakutana. Mwalimu alipolipima langu hivyo, kivuli kilikuwa kimoja, kwenye 1.728, na hakikutikisika upande wowote.

Sasa polariskopu. Jiwe linalogawa mwanga, ukilizungusha duara kamili kati ya vichujio viwili vilivyopishana, linawaka na kuzimika mara nne, kwa utaratibu, jiwe zima. Langu lilikuwa na michirizi inayokatana, kama kivuli cha mkeka, iliyokuwa ikihamahama bila jiwe zima kuzimika hata mara moja. Hiyo ni dalili ya mkazo ndani ya spineli iliyotengenezwa kiwandani kwa kuyeyushwa kwa moto. Namba zake za kawaida? Mpindo 1.728, uzito mahususi 3.64. Mwalimu akachukua chujio la Chelsea, kichujio kidogo cha rangi cha kutazamia vito, akamulika taa: jiwe langu la kijivu-samawati likawa jekundu. Kobalti. Viwanda huitumia kuipa spineli rangi ya samawati. Kipimo cha sekunde tano, na mimi nilikuwa nacho chujio hicho mfukoni.

Chujio hilo lina uhusiano na kisa cha taafeiti chenyewe. Lilitengenezwa mwaka 1934 na B. W. Anderson na C. J. Payne pamoja na wanafunzi wao wa Chelsea, London. Miaka 11 baadaye, Novemba 1945, Anderson huyohuyo alipokea jiwe la zambarau hafifu, karati 1.419, kutoka Dublin. Aliyelituma ni Richard Taaffe, mtaalamu wa vito, ambaye alikuwa amelipata kwenye mabaki ya vito vya sonara. Kila kitu kilisema spineli, isipokuwa jambo moja: kwa hadubini, Taaffe aliona kingo za nyuso za nyuma zimekuwa mbili mbili. Ripoti kamili ilichapishwa mwaka 1951, baada ya eksirei kuthibitisha. Ndiyo madini ya kwanza kutambuliwa kutokana na kito kilichokwisha kukatwa.

Kwa hiyo fanya kama Taaffe. Tazama ndani ya jiwe, kingo za nyuma. Mgawanyiko wa 0.005 ni haba, na lenzi ya mara 10 inaweza isikuonyeshe chochote kwenye jiwe dogo. Ongeza ukuzaji. Na usitazame kupitia uso mkubwa wa juu peke yake. Pinda jiwe, pitia ubavuni, pale ambapo mwanga unasafiri safari ndefu zaidi. Ukitazama sawasawa na ule mhimili hutaona kingo mbili hata kidogo, na polariskopu nayo itakupa giza kama spineli. Mimi napima pande tatu, hata kama ya kwanza imeniridhisha.

Onyo moja kuhusu ile bunduki ya eksirei ya kusoma elementi. Haisomi beriliamu, ni nyepesi mno kwake. Itakuonyesha magnesiamu na aluminiamu, nawe utarudi kwa furaha kwenye jina la spineli. Dalili iliyobaki ni uwiano tu: magnesiamu 3 kwa aluminiamu 8, ambapo spineli ina 4 kwa 8.

Hata vipimo vyote vikikubali, bado yupo ndugu wa tatu: masgraviti, iliyopatikana kwanza milima ya Musgrave, Australia, mwaka 1967. Vipande ni vilevile, ila N' sita na S tatu: tabaka 18, angstromu 41.1. Mpindo na uzito vinapandana na vya taafeiti kiasi kwamba vifaa vya mezani havifui dafu. Hapo unapeleka jiwe kwenye maabara yenye spektroskopu ya Raman, kifaa kinachotambua madini kwa mwanga wa leza, na kwenye karatasi unaandika "taafeiti au masgraviti", basi.

Taafeiti ya kweli niliiona miezi kadhaa baadaye, kutoka Tunduru, kwenye mkusanyiko wa kufundishia. Mwalimu aliiweka kwenye refraktomita akanipisha. Nilizungusha chujio mara ya kwanza nikaona hakuna kitu. Mara ya pili, polepole, ukingo ulisogea kidogo tu, kutoka 1.723, ukatulia kwenye 1.718, kisha ukarudi.